Udi Katika Vyumba Kumi na Viwili

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na daftari jipya, mkasema, "Maman Zuhura, utuandikie kazi ya vyumba jinsi ulivyoijua." Kitenge nimekwisha kukishonesha. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Daftari lilikaa mezani wiki kadhaa likinisubiri, na leo nimelifungua kwa sababu kuna jambo nililolijua siku ile ile ya kuagwa, nikiwa tayari nimerudisha funguo. Bila jambo hilo, yote niliyowafundisha yana kasoro. Nitaanza mwanzo ili mlielewe.

Nilianza kazi kabla lodge haijawa lodge. Nilishuka kutoka Kamembe kwa miguu, kwa sababu dereva wa pikipiki aliuangalia ule mteremko wa matope akaniambia anapenda maisha yake. Mafundi walikuwa bado wanapaka vanishi milangoni, na mkurugenzi alikuwa anazunguka na spana mkononi akitafuta bomba linalovuja. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu. Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Sikuwa nimewahi kulala hotelini hata mara moja. Nilijua kutandika kitanda cha nyumbani na kupokea mgeni wa nyumbani, nikadhani inatosha.

Aliyenipokea ni Papa Deo. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu mrefu wa Bukavu, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliyezifanyia kazi hoteli za huko tangu ujana wake. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwa miguu, chakula chake kwenye kopo, na saa mbili kamili alikuwa amekwisha kuvaa koti la kazi. Wakati huo hatukuwa na mkuu wa vyumba. Mkurugenzi alisema atateuliwa mtu baadaye, na hakuna aliyeuliza ni nani, maana kila mtu alijua.

Siku yangu ya kwanza aliniingiza chumba namba nne, akasimama mlangoni, akasema, "Maman, lala."

Nilimwangalia vibaya. Mjane haambiwi hivyo na mwanaume asiyemjua.

"Lala na viatu vyako," akaendelea, wala hakucheka. "Weye ni mugeni. Umetoka Nyungwe, umetembea masaa tano kufwata sokwe, magoti inauma. Miye niko hapa kwa mulango. Lala, uniambie unaona nini."

Nikalala. Nikamwambia naona dari.

"Na kwa dari kuko nini?"

"Utando wa buibui."

"Njo ile mugeni ataona ya kwanza. Na weye asubuhi yote ulikuwa unafagia chini."

Kazi hiyo aliiita kukaa chumba. Kabla ya mgeni kupewa ufunguo, mmoja wetu lazima akikae chumba: alale, akae kwenye kiti, akae hata chooni mfuniko ukiwa chini, afungue maji akiwa amefumba macho, ajaribu kupata swichi ya taa kwa mkono wa kushoto. Nyote nimewatesa na zoezi hilo, na najua mlivyokuwa mkiniita nikigeuka. Alinifundisha pia kwamba mtu aliyelala vitanda vitatu tofauti ndani ya wiki moja hajui tena choo kiko upande gani, kwa hiyo usimhutubie. Mwonyeshe taa, maji na mlango, kisha ondoka. Mambo ya intaneti na saa za chakula atayauliza akishapata nguvu. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: fulana kuukuu ya pamba ya kufutia, mswaki wa zamani wa kusugua shingo ya bomba, limau la kuondoa madoa meupe ya maji, gazeti la vioo. Papa Deo alisema kifaa cha tano ni pua, na hicho akaniachia nijifunze mwenyewe. Nilijifunza kwa njia ambayo hakuipanga.

Wageni wa kwanza walitakiwa wafike juma la pili. Vyumba vilikuwa tayari lakini vilinuka vanishi mpaka kichwa kilikuwa kinauma. Papa Deo siku ya kufika kwao alichelewa kwa ruhusa, maana alitumwa kuchukua mito huko Bukavu. Mimi nikafika mapema, nikiwa na wazo langu.

Ninyi mnaotoka Nzahaha na Nyakabuye labda hamkuyazoea haya. Sisi Waislamu wa Kamembe nyumba mpya hatuiingii hivi hivi. Inasomwa dua, na inafukizwa udi. Na mgeni wa heshima akija, chumba atakacholala kinafukizwa kabla hajafika. Unaweka makaa kwenye chetezo, udi juu yake, halafu unafunika kwa tenga na kutandaza mashuka juu ya tenga ili moshi uingie kwenye nyuzi. Madirisha unayafunga, la sivyo umefukiza barabara. Mama yangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Basi nilitoa chetezo changu na udi wote niliokuwa nao, nikaanza na chumba cha kwanza. Mashuka, mablanketi, foronya, taulo, mapazia, vyandarua. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimemaliza vyumba vyote kumi na viwili. Mkurugenzi alipita akavuta pumzi, akasema, "Angalau vanishi imetoka," akaenda zake na spana yake. Nilisimama uani nikajisikia kwamba sasa kazi hii nimeiweza.

Wageni waliingia saa tisa alasiri, watu wanane katika magari mawili, wakitokea Nyungwe, matope hadi magotini. Mmoja wao alikuwa Madame Odile, Mbelgiji, mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye kofia ya majani. Nilimpeleka namba nne. Nikamwonyesha taa. Nikamwonyesha maji. Alikaa kitandani, akatabasamu, akakohoa kidogo kwa adabu.

Halafu akakohoa tena, na safari hii adabu haikuwepo. Akashika kifua. Kila alipovuta hewa ilitoka sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka.

Hapa ndipo niwaambie ukweli ambao mpaka leo unaniumiza. Dirisha lilikuwa limefunguka kidogo, na upepo wa ziwa ulikuwa unaingia. Kwetu mtu akikohoa unamkinga na baridi. Nikaenda haraka nikalifunga. Nikamfunika na blanketi, lile lile nililolifukiza. Nilikuwa nampenda yule mama kwa moyo wangu wote huku nikimnyima hewa kwa mikono yangu miwili.

Papa Deo alikuwa anapita kibarazani na mito mikononi. Alipofika mlangoni pua yake ilimwambia kila kitu. Akaangusha mito.

"Fungua yote. Maman, shika kiti huku. Tumutoe inje."

Tukambeba na kiti chake mpaka barazani, upande wa ziwa. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye begi, na begi bado lilikuwa ndani ya gari. Dereva wao aliruka ngazi kama ana miaka kumi na mitano, akarudi nalo. Madame alivuta mara moja, akangoja, akavuta mara ya pili. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya mawe, nikisoma kila sura niliyoijua, na kwamba hatimaye ile sauti ya birika ilipungua.

Muuguzi aliitwa kutoka kituo cha afya, akaja kwa pikipiki, akamsikiliza mgongo na kifua. Alisema anaendelea vizuri, ila asirudi kwenye moshi ule wala harufu yake, na ikimrudia apelekwe hospitali bila kungoja. Gari likageuzwa likaelekezwa getini, tayari kwa lolote.

Mkurugenzi akanigeukia. "Mhamishie namba tisa."

"Directeur, na namba tisa pia nimefukiza."

"Kumi na mbili basi."

"Pia."

Akasema, "Mashuka ya akiba yapo stoo."

Nikajibu kwa sauti ya chini kuliko zote nilizo nazo, "Yale ndiyo niliyoyafukiza vizuri zaidi."

Wale wageni wengine saba, lazima niseme, waliufurahia sana udi wangu. Bwana mmoja aliniuliza unapatikana duka gani.

Madame Odile alisema hawezi kupanda gari tena siku hiyo kwenda hoteli nyingine, labda iwe la hospitali. Jua lilikuwa limebakiza saa mbili. Papa Deo alitembea jengo zima akinusa mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye chumba cha kupigia pasi, kile kidogo cha mwisho, kisichokuwa na pazia wala vanishi kwa sababu mafundi walikuwa hawajakifikia. Kilikuwa na ukuta wa chokaa na dirisha moja linaloangalia maji. Akanusa mara mbili. "Hapa," akasema.

Tulitoa mbao za pasi, ndoo na makabati. Tukafungua kitanda kimoja, tukakisugua kwa maji na limau, tukakiunga upya. Godoro moja la ziada lilikuwa bado ndani ya plastiki yake, nikamshukuru Mungu kwa uvivu wangu wa kutolifungua. Yakabaki mashuka. Papa Deo akampigia simu mke wake, Maman Furaha, aliyekuwa anauza matandiko sokoni Bukavu. Sikusikia alichomwambia. Lakini kabla mpaka haujafungwa yule mama alikuwa amevuka, mzigo kichwani, jasho likimtiririka.

"Iko mupya, na karatasi yake," akasema akinipa mashuka. "Lakini inanuka duka. Ufue na maji tupu, hapana tia sabuni ya kunukia. Na usilie ndani ya beseni, machozi iko na chumvi."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mchana. Nikasuuza mara tatu, tukayatundika kwenye upepo wa ziwa, yalipobaki na unyevu kidogo nikayapiga pasi juu ya meza ya chakula.

Nilipokuwa napiga pasi niliwaona kupitia kioo cha ofisi. Mkurugenzi alikuwa amesimama, anaongea sana, mkono wake ukionyesha upande wangu. Papa Deo alikuwa ameshika kofia, akaongea kidogo tu. Mkurugenzi akakaa chini. Papa Deo akatoka, akaja akaangalia kazi yangu.

"Pembe ya huku bado," akasema, akachukua pasi akamalizia mwenyewe.

Usiku ule nilijiandaa kwa barua ya kufukuzwa kazi. Niliwaza nitawaambia nini watoto. Asubuhi nilifika na kopo la chai ya tangawizi kwa Madame Odile, nikiamini ndiyo kazi yangu ya mwisho pale. Nilimkuta amekaa kwenye dirisha la chumba cha pasi, amevaa kofia yake, anaangalia Bukavu ng'ambo ya maji. Akaniambia kwa Kifaransa cha polepole, ili nielewe, kwamba amelala vizuri kuliko kote alikopita. Halafu akauliza ule moshi ulikuwa wa nini.

Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha kuokoteza: kwetu mgeni wa heshima akija tunakitia chumba harufu nzuri, ili akiingia tu ajue kwamba alikuwa anangojewa.

Akafikiri. "Basi nilijua," akasema. "Karibu yako ina nguvu, Madame."

Nilianza kumwomba radhi, akanishika mkono, akaniambia nikae naye ninywe chai. Vyumba vingine tulivipitisha hewa na maji siku mbili, tukamwambia sasa namba nne iko safi. Akakataa kuhama. Alikaa siku zake zote katika chumba cha pasi, akala sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka mpishi akaona fahari, na alipoondoka alinikumbatia mbele ya watu. Ndiyo maana chumba kile hakina namba mpaka leo na kina kitanda. Na ndiyo maana kila dereva aliyepiga simu kuleta wageni nilimuuliza kwanza kama kuna mwenye pumu, kabla sijauliza hata wako wangapi. Pua yangu pia ilipata akili: toka nje, pumua mara kumi, ndipo urudi unuse chumba. Pua iliyokaa ndani haikwambii kitu. Na chumba cha mgeni kisinuke chochote. Harufu nzuri ni yako wewe, yeye hukumuuliza.

Barua haikuja. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Madame Odile, na sikukuu ya Idi nilimpelekea mkurugenzi sahani kubwa ya vitumbua kwa huruma yake. Alivila vyote, na sasa najua kwa nini hakuniangalia usoni.

Mwezi uliofuata akaletwa mkuu wa vyumba kutoka Kigali. Alikuwa mtu mwema, anayejua kompyuta, na nilimheshimu. Lakini sote tulishangaa. Wengine walisema Papa Deo amenyimwa kwa sababu anatoka ng'ambo. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti. Nilipomwambia kwamba ameonewa, alielekeza kidevu ofisini.

"Miye napenda vyumba. Bureau inanuka wino."

Nilifanya kazi kando yake miaka mingi baada ya hapo. Wakati wa ule ugonjwa mkubwa, mpaka ulipofungwa, alikwama Bukavu nasi hatukuwa na mgeni hata mmoja. Alinipigia simu kila asubuhi. "Umekaa chumba?" Nikamjibu hakuna wageni. "Sikuuliza bageni. Chumba chenye hakikaliwe kinakufa." Basi nilikuwa nalala dakika kumi katika kila kitanda, mwanamke mzima na viatu vyangu, nikiangalia dari. Ulipofunguliwa mlango wa kazi tena, hakuna bomba lililokuwa limekauka wala kitasa kilichokuwa kimeshika kutu. Baadaye magoti yakamshinda, akaacha kazi, akahamia Kamembe kwa binti yake. Mkuu wetu alirudi Kigali, na kazi yake nikapewa mimi.

Sasa ndilo lile jambo. Siku ya kuniaga mlimwalika mkurugenzi wetu wa zamani, naye akaja, mzee sasa, akitembea na fimbo. Baada ya keki alinivuta pembeni.

"Maman Zuhura, ile siku ya moshi barua yako nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa mezani."

Nikamwambia namshukuru kwa kuichana.

"Usinishukuru mimi," akasema. "Papa Deo aliniambia ndiye aliyekuagiza ufukize, tangu jana yake, kwamba wewe ulitii tu. Nikamwambia kama ni hivyo siwezi kumpa vyumba vyangu. Akasema anaelewa. Nilimpa nafasi ya kubadilisha maneno. Akavaa kofia akatoka."

Nilisimama pale na kipande cha keki mkononi. Papa Deo hakuniagiza chochote. Papa Deo hakujua hata kwamba nina chetezo.

Kesho yake nilikwenda kwa binti yake. Nilimkuta kibarazani anachambua maharagwe, sahani magotini. Nikakaa, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto wote, maana hilo haliachwi. Halafu nikamwambia, "Directeur ameniambia."

Aliendelea na maharagwe. "Ule muzee hajui kutunza maneno."

"Miaka yote ile, Papa Deo. Ju ya nini hukuniambia?"

Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe, akaliangalia, akalitupa uani.

"Ningekuambia, ungekuwa unanifanyia miye kazi. Na bageni bangebaki bila muntu."

Nililia mbele yake, na sikuona aibu. Kisha nikavuta nusu ya maharagwe upande wangu, tukachambua pamoja mpaka binti yake alipoleta chai.

Sasa nawaomba jambo moja tu. Kwenye ule ubao wa mapokezi mmeandika majina ya wakuu wa vyumba tangu lodge ilipofunguliwa, langu likiwa la pili. Chukueni rangi mlipandishe jina la Deogratias juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zetu. Najua ofisini hakuna karatasi inayosema hivyo. Mkurugenzi mpya akikasirika akauliza ni nani amefanya hivyo, mwambieni ninyi mlitii tu, aliyewaagiza ni mimi.